"Uzee Huo" Si Jibu la Goti la Bibi



Sisi washonaji tunawajua wazee kwa tepu ya kupimia. Mgongo ukianza kupinda, gauni linapanda nyuma na kuburura mbele, ingawa mwaka juzi lilikaa sawa. Tunaongeza urefu nyuma, tunapunguza mbele, na bibi anaondoka amependeza. Maumivu anaondoka nayo.

Tabora tumewapima wengi. Watu wa Unguja wana ndugu kule tangu enzi za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba pembe na vitambaa, kama kilo 30 kila mmoja, kwa mamia ya maili. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ule ukahamia kwenye mabehewa. Kuni, maji na jembe la mkono vikabaki kwa wanawake, na baadaye ikaongezeka tumbaku, kuinama shambani kutwa. Hao ndio bibi zetu. Ukimuuliza goti, anasema "tumeshazoea." Ukiuliza nyumbani kwake, unaambiwa "uzee huo."

Hatukubaliani na jibu hilo. Umri unachangia, ni kweli. Lakini goti likiuma mtu huacha kutembea, asipotembea misuli ya paja inalegea, na ikilegea goti linabeba uzito zaidi na kuuma zaidi. Fiziotherapia, au mazoezi tiba, inaingia hapo kuurudishia mguu nguvu. Kukandwa kwa mafuta ya moto kunatuliza, hatukatazi, lakini hakujengi msuli. Na zile dawa za maumivu za kununua dukani kila wiki zinaweza kuumiza tumbo na figo, hasa kwa mwenye presha.

Tatizo ni kwamba wengi huenda mara moja tu. Bibi alitarajia kukandwa, akaambiwa anyooshe mguu mara kumi, asubuhi na jioni. Anarudi kanuna: "Nimelima miaka hamsini, mazoezi gani tena?" Ana haki ya kununa, aelezwe vizuri. Kulima kulichosha viungo vile vile kila siku; mazoezi haya yanachagua msuli uliodhoofu na kuupa kazi kidogo kidogo. Wiki za mwanzo anaweza kuhisi uchovu, na matunda yanakuja baada ya wiki kadhaa. Peke yake ataacha. Anahitaji mtu wa kukaa naye.

Mtu huyo anaweza kuwa wewe, biharusi, kwa mama mkwe wako. Baada ya alfajiri, kabla ya chai, dakika kumi. Na usimwambie "kaa tu mama, nitafanya mimi" kwa kila kitu. Mwache achague mchele, mwache aende kwa jirani kwa miguu yake. Huruma ya kumkalisha kutwa inamdhoofisha.

Dini imemruhusu asiyeweza kusimama kuswali kwa kukaa, alhamdulillah, na kiti si aibu. Lakini tumewasikia wazee wakisema wanachokitamani ni kusujudu chini na kuinuka wenyewe. Basi mwambie mtaalamu hivyo hivyo, "anataka kusujudu," ili apange mazoezi kuelekea huko, kadiri mwili wake utakavyoruhusu.

Tabora, anzieni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Unguja, ulizieni Mnazi Mmoja. Huko Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo bebeni kitambulisho chake na muulize kuhusu msamaha wa matibabu. Kama ameanguka, mguu umekufa ganzi, au goti limevimba na kuwa la moto, aonwe na daktari kwanza, mazoezi baadaye.

Na kwenye harusi zenu, wapenzi, wekeni viti vyenye mikono mstari wa mbele. Bibi akikaa mkekani atashindwa kuinuka kucheza, na atawaambia hapendi ngoma.