Nairobi hadi New York si saa 13

Jamani, leo nina malalamiko, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Kuna kurasa nyingi za intaneti ambazo ukiandika majina ya viwanja viwili vya ndege, zinakupa umbali na muda wa safari papo hapo. Nami nilitengeneza wangu. Ukiuuliza Nairobi (JKIA) hadi New York (JFK), unajibu: kilomita 11,840 hivi, saa 13 na dakika 9.

Binamu yangu anayeishi New Jersey aliuamini. Shangazi alikuwa akisafiri peke yake kwa mara ya kwanza, na simu yake haikufanya kazi nje ya Kenya. Binamu akahesabu saa 13 tangu ndege iondoke, akaenda uwanjani, akangoja. Saa nzima ikapita bila dalili ya mtu. Saa ya pili akaanza kupiga simu Nairobi, na huku nasi tukaanza kupigiana. Kumbe shangazi alikuwa bado angani, amelala zake. Muda halisi ulikuwa kwenye tiketi, na tiketi ilikuwa mkobani mwake!

Umbali haukuwa na kosa. Ukiwa na latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, fomula ya haversini inakupa njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Ni mistari michache tu ya programu. Niliharibu nilipochukua kilomita hizo nikazigawanya kwa 900, kana kwamba ndege huenda kasi moja tangu mlango unapofungwa. Kwanza hutambaa hadi njia ya kurukia, kisha hupanda polepole, na huzunguka anga iliyofungwa (ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 vita vilipoanza). Halafu kuna upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, mikondo ya upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayeelekea Marekani anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, kwenda kulichukua kama saa 15, kurudi pungufu kidogo. Ukurasa wangu ulitoa jibu lilelile kwa pande zote mbili.

Na hapo sijagusa saa za ukutani: New York iko nyuma yetu kwa saa 8, lakini majira yao ya joto ni saa 7.

Kinachoniudhi zaidi ni zile dakika 9. Ningeandika "kati ya saa 13 na 16", binamu angetafuta ratiba. Nilipomwandikia dakika, alidhani nimepima. Kama huna ratiba ya shirika lenyewe, toa kilomita, kisha nyamaza.

Wangu nimeufuta sehemu ya muda. Binamu bado ananiita rubani.