Mavazi ya Msafiri kwa Michezo ya Jioni Ulaya

Neno "kiangazi" limewaponza wasafiri wengi. Mtu wa Mombasa au wa Machakos akiambiwa kwamba atakuwa Ulaya wakati wa kiangazi, hufikiri habari za jua kali na majani makavu, naye hutia sandukuni mashati mepesi matupu. Lakini kiangazi cha Ulaya ni kitu kingine. Mvua huweza kunyesha siku yo yote, na usiku wa Julai mjini London joto huteremka hata digri 14 hivi, yaani si mbali na Nairobi katika mwezi huo huo. Mtu wa Limuru, ambaye hatoki nyumbani jioni bila sweta, amekwisha kujifunza nusu ya somo hili.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mtu aliyenunua tikiti ya mchezo wa kuigiza au wa kuimbwa unaofanyika nje, chini ya mbingu tupu, maana hawezi kuondoka akaote moto kisha arudi. Atakaa hapo saa tatu au nne. Tena jua lenyewe hudanganya. Mwisho wa Juni jua la London halitui mpaka saa tatu na dakika ishirini hivi za usiku. Mgeni atokaye nchi ambayo jua hutua karibu na saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima hutazama dirishani, akaona kungali kweupe, akaacha koti lake chumbani.

Mfano mzuri ni mji wa Verona, kaskazini ya Italia. Hapo pana uwanja mkubwa wa mawe uliojengwa na Warumi karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1913 ilichezwa humo opera ya Verdi iitwayo Aida, kwa ukumbusho wa miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, na tangu hapo uwanja umekuwa mashuhuri kwa opera za kiangazi. Mchezo huanza giza linapoingia, nao huendelea hata kupita saa sita ya usiku. Wenye tikiti za bei ndogo huketi juu ya ngazi za mawe zenyewe. Mawe hayo yamepigwa na jua mchana kutwa, na mtu aketiye mapema akiwa na nguo fupi huyaona kama pasi ya makaa. Usiku ukisonga, moto huo huondoka, ukabaki ugumu. Mito midogo ya kukalia hukodishwa hapo, na asiyetaka kukodi huchukua kitu cha kutandika. Hapa kanga hushinda nguo zote za madukani. Kipande kimoja hutandikwa, cha pili hutupwa mabegani upepo unapobadilika, na vyote viwili havijazi hata pembe ya sanduku. Suruali ndefu au sketi ndefu yafaa kuliko fupi, kwa ajili ya mawe na kwa ajili ya mbu pia, maana uwanda wa mto Po una mbu wengi. Ni desturi ya zamani vile vile kwa watazamaji kuwasha mishumaa midogo mchezo unapoanza, kwa hiyo hariri ya thamani na ibaki hotelini. Walio chini, penye viti vya bei kubwa, hutazamiwa kuvaa kwa heshima. Kaptura hapo ni aibu.

Katika Aida kitendo cha mwisho ndicho kizuri kuliko vyote. Wapenzi wawili wamefungiwa kaburini, na muziki hufifia polepole mpaka ukanyamaza. Ni wakati huo hasa ambapo baridi huwatoa nje wale waliokuja na blauzi zisizo mikono. Mtu amelipa nauli ya ndege, amelipa tikiti, amevumilia mawe kwa saa tatu, kisha anaukosa mwisho kwa kukosa sweta aliyoiacha kabatini nyumbani kwake.

Mjini London shida ni mvua. Ukumbi wa Globe, uliofunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa ule wa zamani za Shakespeare, hauna paa katikati. Wenye tikiti za bei nafuu husimama uani muda wote. Kukaa chini hakuruhusiwi, wala mwavuli haukubaliwi, kwa kuwa humziba macho aliye nyuma, na mvua ikinyesha waigizaji huendelea na kazi yao. Cha kuchukua ni koti la mvua lenye kofia, na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Kuanza viatu vipya siku hiyo ni kujitafutia adhabu. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 waigizaji kutoka Nairobi walicheza hapo kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare uitwao The Merry Wives of Windsor, na Aprili ya London si mwezi wa kusimama uani bila koti zito. (Ukumbi ule wa kwanza uliungua mwaka 1613, mzinga ulipofyatuliwa katika mchezo na moto ukashika nyasi za paa. Imeandikwa kwamba suruali ya mtu mmoja iliwaka, akaizima kwa pombe ya chupa. Hatari hiyo msafiri wa leo hana haja ya kuifungia mzigo.)

Ugiriki shauri ni la viatu tu. Katika magofu ya kale visigino virefu vyembamba vimekatazwa, kwa sababu uzito wote wa mtu hukusanyika katika ncha ndogo ikayachimba mawe. Viatu bapa basi.

Yako mahali ambapo jambo gumu ni heshima ya nguo. Huko Glyndebourne, katika wilaya ya Sussex, opera zilianza mwaka 1934, na mwenye nyumba, John Christie, alitaka wageni wavae nguo rasmi za jioni kwa kuwaheshimu waimbaji. Si sheria, lakini desturi imekaa. Abiria wa garimoshi litokalo London huonekana mchana kweupe wamevaa suti nyeusi na tai za kipepeo, na vikapu vya chakula mikononi. Suti hizo hukodishwa mjini, lakini mtu wa Pwani mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti, na kofia iliyodariziwa kwa mkono, hana sababu ya kukodi vazi la mtu mwingine, wala mkewe mwenye gauni refu la kitenge. Ila visigino vyake viwe vipana visije vikazama majanini, na koti la mume liwe zito. Kwani opera huchezwa ndani, lakini mapumziko ni ya dakika 90, na chakula huliwa bustanini.