Kamusi ya Tahajia katika Barua Pepe: Wajibu wa Mwanaisimu

Thunderbird, programu ya barua pepe, huweza kuongezewa kamusi ya tahajia. Dodoma, iliyotamkwa kisheria kuwa makao makuu ya nchi mwaka 2018, Kiswahili ni lugha ya kazi za serikali. Nyongeza hiyo, basi, si pambo. Hata hivyo, ubora wake hutegemea mofolojia iliyomo ndani yake.

Hunspell, kikaguzi kinachotumiwa humo, kilibuniwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha inayotegemea zaidi viambishi tamati. Kwa kawaida hutambua viambishi tamati viwili mfululizo, lakini kiambishi awali kimoja tu. Neno *hawakutuandikia* lina vinne kabla ya mzizi: *ha-*, *wa-*, *-ku-* na *-tu-*. Ama michanganyiko yote iorodheshwe, ama neno sahihi lipigiwe mstari mwekundu. Mwandishi huizima kamusi au, vibaya zaidi, huamini kwamba amekosea.

Kubainisha michanganyiko inayokubalika si kazi ya mhandisi peke yake. Idara za Kiswahili, ikiwamo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, hazina budi kuihesabu kuwa utafiti unaostahili shahada.