Ubao Upimao Msimamo wa Mtu

Mama mwenye busara aendaye sokoni kununua unga hatazami unga peke yake, hutazama na mizani. Akiwa na shaka huomba jiwe la kilo 1 liwekwe kwanza katika sahani. Mshale ukisimama mahali pake, hutoa franga zake. Usipofika, huenda kwa mwuzaji mwingine. Mama huyo hakusoma fizika, lakini hufanya lile lile lifanywalo na wataalamu. Leo twataka kuwaeleza habari za mizani ya namna nyingine, isiyopima tu uzito wa mtu, bali jinsi asimamavyo.

Sisi sote twadhani ya kuwa kusimama wima si kazi. Kumbe mwili hautulii hata kidogo! Macho, sikio la ndani, nyayo na viungo, vyote hupeleka habari kwenye ubongo, na misuli ya miguu husahihisha bila kukoma. Ewe mwanafunzi, simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, kisha ufumbe macho: utaona mara moja ni kazi gani macho yalikuwa yakikufanyia. (Babu na bibi wasijaribu.) Katika kitabu chake cha miaka ya 1840, mganga Mjerumani Moritz Romberg alieleza habari za wagonjwa wa uti wa mgongo walioweza kusimama wakitazama, lakini wakifumba macho waliyumba. Chombo chake kilikuwa jicho lake tu, na jicho huona kuyumba kukubwa, huku kudogo kukilipita.

Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiri ya kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi. Kuujua udhaifu wa mzee kabla hajavunjika nyonga si mchezo.

Basi, yakatengenezwa mabamba ya kusimamia, yenye kipimo cha uzito katika kila pembe. Tuseme mtu wa kilo 60 amesimama juu ya bamba ambalo vipimo vya kuume na vya kushoto vimeachana sentimetri 40. Upande wa kuume wasoma kilo 33, wa kushoto 27. Hesabu yatuambia ya kuwa uzito wake umeegemea sentimetri 2 kuume kwa katikati. Sasa tuseme upande wa kuume una kosa, wasoma 34. Kilo 1 tu ya uongo, na mahali pa kuegemea pamesogea karibu milimetri 3! Lakini mtu mwenye afya akisimama kimya huyumba milimetri chache tu. Kosa la chombo laweza kufanana na ugonjwa, au kuuficha.

Mabamba mazuri ya maabara yalikuwa yakiuzwa maelfu ya dola. Mwaka wa 2007, huko Japani, kampuni ya Nintendo ilianza kuuza ubao wa kuchezea nyumbani, uitwao Wii Balance Board, nao una vipimo katika pembe zake nne. Huko Marekani uliuzwa pamoja na mchezo wake kwa bei isiyofika dola 100. Waganga wakaulizana: je, mchezo wa watoto waweza kuingia hospitalini?

Mwaka wa 2010, Ross Clark na wenzake huko Australia walichapisha majaribio yao. Watu 30 walisimama juu ya ubao ule na juu ya bamba la maabara, kwa miguu miwili na kwa mmoja, macho wazi na macho yamefumbwa, wakarudia siku nyingine. Majibu ya vyombo viwili yalikaribiana vizuri. Wengi wakafurahi, labda upesi mno.

Maana kuna maswali mawili, wala yasichanganywe. La kwanza: je, chombo hujibu vile vile kila mara? La pili: je, jibu lake ni kweli? Saa iliyotangulia dakika 10 hutangulia leo, na kesho pia. Haibadiliki, lakini anayeifuata hufika kanisani kabla ya mlango kufunguliwa.

Mwaka wa 2014, Bartlett, Ting na Bingham, wataalamu wa Marekani, walizipima mbao 9, 3 zilizotumika kidogo na 6 zilizotumika sana. Wakaona ya kuwa ukilinganisha ubao na ubao, mahali pa kuegemea paweza kukosewa hata milimetri 4.1; lakini ubao mmoja ukirudia kipimo chake, tofauti hushuka hata milimetri 1.5. Tena, zile zilizochakaa hazikuwa mbaya kupita nyingine. Wakashauri ubao utumiwe kumlinganisha mtu na nafsi yake juu ya chombo kile kile, wala usichukue nafasi ya bamba la maabara.

Fikirini basi mzee aliyepimwa Januari juu ya ubao mmoja, na Juni juu ya mwingine. Mwuguzi asoma tofauti ya milimetri 3, naye amwambia, “Baba, miguu yako imedhoofika.” Mzee arudi nyumbani na fimbo na huzuni, aache kwenda shambani, na kwa kukaa kitako miguu yadhoofika kweli. Labda kilichobadilika kilikuwa ubao tu. Hata hivyo mwuguzi hakusema uongo, alisoma alichoonyeshwa. Ila katika daftari aliandika jina la mzee, tarehe na kipimo, asiandike ni ubao upi.