Tusimsingizie Mungu Upepo



Kila mwaka, kati ya Novemba na Aprili, upepo wa mvua huezua mapaa katika nchi hii ya Unyamwezi, na kila mara twasikia hukumu ile ile: waliopatwa walikuwa na dhambi zao. Wengine, na miongoni mwao wamo waliopokea Kipaimara, huenda mbali zaidi. Humnyoshea kidole ajuza anayeishi peke yake, eti ndiye aliyeutuma. Twasema wazi: maneno hayo yote mawili ni matukano dhidi ya Mungu na dhidi ya jirani.

Tuukumbuke usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kijijini Mwakata, wilaya ya Kahama. Mvua ya mawe yenye upepo mkali iliwashukia watu majumbani mwao. Zaidi ya 40 walifariki, wengi kwa kuangukiwa na kuta za udongo. Walikuwamo watoto. Walikuwa wametenda nini ambacho sisi tuliobaki hatujatenda? Bwana wetu alikwisha kulijibu swali hilo alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Naye Eliya, pale Horebu, hakumkuta Mungu ndani ya upepo uliopasua miamba. Wahubiri wa vipaza sauti wanaomtafuta humo wanasoma Biblia ipi?

Ni kweli, upepo huu hauna miadi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitoka baharini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikitangaza kabla hakijafika. Upepo wa kwetu huzaliwa ndani ya wingu moja la alasiri, hushuka kwa dakika chache, huiacha nyumba hii na kuisambaratisha ya jirani. Hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi. Lakini fundi mkweli aweza kueleza sehemu kubwa ya jambo hilo. Upepo huingia chini ya bati na kulisukuma kutoka ndani, huku ukilivuta kutoka juu. Paa lililoshikizwa kwa misumari michache juu ya tofali mbichi hung'oka, na ukuta uliopoteza paa huanguka. Paa ambalo kenchi zake zimefungwa kwa waya mzito hadi kwenye linta lina nafasi ya kubaki.

Na miti je? Njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ingali yatambulikana kwa miembe yake. Wenye misafara walituachia miembe; sisi twakata miombo ya Urambo na Sikonge kukaushia tumbaku, kisha twashangaa upepo kutufikia bila kizuizi.

Mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza imekwisha kumwaga damu ya vikongwe wengi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Anayepeleka jina la ajuza kwa mganga baada ya dhoruba anashiriki uuaji, hata asiposhika panga. Huyo asikaribie meza ya Bwana kabla ya kuungama.

Nazo kamati za ujenzi za vigango, zinazonunua rangi na kengele kabla ya linta, twaziuliza: upepo ukija Jumapili waamini wakiwa ndani, mtasema ni mapenzi ya Mungu?