Usiilaumu diski mbele ya kuupima mtumbwi

Ndugu msomaji, wengi kati yenu munatafuta riziki kwenye mashimo ya Bafwasende, na watoto wenu wanasoma hapa Kisangani. Feza ya zahabu na almasi inalipa chumba, chakula na masomo, mpaka ile kazi ya mwisho ambayo mwanafunzi anaandika ndani ya ordinatere. Basi mutaelewa uchungu wa kijana anayefungua kazi yake na kukuta kurasa zimegeuka alama zisizosomeka.

Mara moja watu wanasema: «Ni virusi», ao «Diski imekufa». Pengine ni kweli. Lakini kuna mshitakiwa wa tatu ambaye haulizwi. Anaitwa kontrolere.

Fikiri habari ya mto wetu. Magunia ya mchele yanavuka kwa mtumbwi kutoka Lubunga kuja mjini. Yakifika yamelowa, utalaumu gala? Angalia kwanza kama mtumbwi unavuja. Diski ni gala. Kontrolere ni mtumbwi unaobeba maandiko kati ya diski na mashini. Inakaa juu ya kadi-mama. Ndani ya kisanduku cha diski ya kubeba mkononi kuna nyingine ndogo.

Hii si hadithi. Mwaka wa 1995 ilijulikana ya kwamba kontrolere za namna mbili, RZ-1000 na CMD-640, zilizowekwa ndani ya mashini nyingi, ziliharibu maandiko kimyakimya, bila onyo. Diski zenyewe zilikuwa nzima. Mwaka wa 2007 watu wa CERN, kituo cha utafiti kule Geneva, walipima mashini zao kwa maelfu: waliandika faili wanalolijua, kisha wakalisoma tena. Makosa yalionekana, na mengi yalitoka katika kutopatana kwa diski na kontrolere.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, acha kuandika. Usianzishe chkdsk wala programu nyingine ya kutengeneza diski. Mtumbwi ukivuja, kila safari inaongeza hasara. Wala usifute nakala ya zamani.

Pili, toa diski, uiweke kwa mashini nyingine, na kebo nyingine. Kama ni ya kisanduku, badilisha kisanduku vilevile. Faili zikisomeka vema kule, kosa lilikuwa njiani tu, na kazi yako imepona. Fanya nakala siku ileile.

Tatu, tazama hesabu za diski kwa programu ya smartctl. Namba 199 ikipanda, shuku kebo na njia. Namba 5 na 197 zikipanda, diski yenyewe inachoka. Lakini 199 ikibaki sifuri, usiiachilie kontrolere huru: makosa ya ndani yake hayaandikwi pale. Pima na memori kwa Memtest86+, maana nayo inaweza kuharibu maandiko.

Nne, nakili faili kubwa, zima mashini, iwashe tena, halafu linganisha faili zote mbili kwa sha256sum, ao certutil kwa wenye Windows. Herufi moja tu ikitofautiana, usiiamini mashini hiyo tena mpaka itengenezwe.

Mzazi, fundi akikuambia ununue diski mpya, muulize: «Umeijaribu hii kwa mashini nyingine?» Kwa maana diski mpya juu ya kontrolere mbovu itapokea maandiko yaliyoharibika vilevile, na feza ya shimo itapotea mara mbili.