Msidharau Shina la Chini

Wenzangu darasani walinicheka niliposema kwamba mmea wa kale waweza kutambuliwa hata kwa sehemu zake za chini ya ardhi. Eti bila maua hakuna ushahidi! Kwani mkia-wa-farasi umewahi kuwa na maua? Mwaka wa 2011 wataalamu walieleza spishi mpya, Equisetum thermale, iliyogeuka jiwe kwenye chemchemi za maji moto huko Patagonia, Argentina, enzi ya Jurasi. Mashina ya chini na mizizi vilihifadhiwa pia, hata seli zaonekana kwa hadubini. Jani hupeperushwa mbali, lakini shina la chini hubaki lilipoota. Huyo ndiye shahidi ninayemwamini. Anayebisha aje kwetu Jumamosi tung'oe sangari, atalijua shina la chini ni nini!